Mbao Mbili za Kushikia Injini ya Babako

Rukia, mwanangu,

Salamu nimekupa mchana kutwa, na sasa umelala, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye maneno. Wiki nzima umeniuliza swali moja, nami wiki nzima nimejifanya nakunja nguo zako, mara nimeitwa na jirani, mara chungu kinaungua. Umeniuliza, "Mama, injini ya baba unanipa niende nayo Maskati, au hunipi?" Ndege yako ni kesho mchana na bado sijakujibu. Jibu lako limo humu, lakini usirukie chini kulitafuta. Lisome kwa mpango nilioliandika. Mimi skuli niliishia kidato cha pili na kalamu yangu inakwenda kama ulimi wangu, kwa hiyo nivumilie.

Habari za kula, kuvaa, kusali kwa wakati na kutoazimisha nguo zako ugenini, hizo umeshaambiwa na mtaa mzima. Mimi nataka kukwambia habari za babako, na zangu, na zile mbao mbili. Unazijua kwa vipande. Kimoja ulikipata kwangu nikiwa na hasira, kingine kwa babu yako akiwa na mzaha wake, na kingine kwa watoto wa mtaani waliokuwa wakiniita Bi Injini hata mbele yako. Leo nakupa kitu kizima.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nikishinda kwenye karakana ya babu yako, baba yangu mimi, pale Mkunazini, napiga msasa milango na kuipaka mafuta. Unaijua desturi ya mle ndani. Kitu hakitoki kikavu. Mlango wa kuchonga, kasha, hata mbuzi ya kukunia nazi, vyote vinapakwa mafuta ya nazi kwa kitambaa mpaka ubao ung'are. Babu yako alikuwa akisema ubao mkavu ukitoka mlangoni kwake watu watafikiri Fundi Haji kafilisika.

Basi siku moja akaingia Seif, babako, yuko likizo kutoka Maskati, amebeba ndege ndogo kwapani kama mtu aliyetoka kununua bata. Ndege ya kuendesha kwa rimoti, na mbele ina injini ya kweli, ya kunywa mafuta, ukubwa wake kama ngumi ya mtoto. Akatueleza shida yake. Injini ile ina masikio mawili, moja kila upande, na kila sikio linakaa juu ya ubao mwembamba na kufungwa kwa bolti. Mbao zenyewe zimepasuka. Anataka mbao mbili za mti mgumu, unene wa kidole. Nikamkatia. Kesho yake akarudi kutaka nyingine. Keshokutwa akarudi tena. Babu yako akavua miwani akamuuliza, "Kijana, kwani ndege yako hii ina pua ngapi?"

Nilicheka, na kicheko kile ndicho kilichokuleta wewe duniani. Sikufichi kwamba nilimpenda. Wanaokwambia kwamba niliozeshwa wanakudanganya, mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda.

Tulipokwisha oana, wewe hujaanza hata kutambaa, siku ya kuirusha ikawekwa. Wenzake wa kurusha ndege walikuwa na kiwanja chao juu ya Bububu, njia ya kwenda Kidichi, na siku hiyo walialika watu. Babako aliniomba nimkatie mbao mpya. Nikachagua mfenesi uliokauka vizuri, nikazikata, nikazipiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu lako. Halafu mkono wangu ukafanya ulichozoea. Nikazipaka mafuta ya nazi. Nikazipaka siku tatu, mafuta yakaingia mpaka ndani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye ugomvi wangu wote. Nilipompa, alizigeuza mwangani. Akazipeleka puani. Akaniambia, "Zinanukia kama wewe." Hayo ndiyo maneno yake. Aliyaona mafuta, akayanusa, akayasifu. Kisha akachukua gundi yake, ile ya tyubu mbili za kuchanganya, akazigandisha mwenyewe. Mimi sikujua kwamba gundi haishiki ubao uliokunywa mafuta. Kwenye milango sisi tunatumia ndimi za ubao zinazoingia tunduni, na misumari, gundi hatuitegemei. Lakini yeye aliyejifunza kazi ile Maskati, mwenye vitabu vyenye picha, alikuwa anajua au hakuwa anajua? Nimejiuliza hilo miaka yote na sijapata jibu la kumpunguzia kosa.

Ndege iliruka. Ilipanda vizuri, watu wakapiga makofi. Alipoizungusha mara ya pili injini ikang'oka na mbao zake. Nakumbuka sauti. Ilikuwa inanguruma, mara ikapiga kelele kama ya mtu aliyefinywa, mara kimya. Injini ikaenda zake peke yake kwenye shamba la mihogo, na ndege isiyo na pua ikaanguka mbele ya mabenchi ya wageni. Babako akaenda, akaokota kipande kimoja cha ubao kilichobaki, akakipitishia kidole. Kidole kikang'aa. Nilikuwa nimesimama karibu, nimevaa kanga mpya, wewe ubavuni. Akakinyanyua kile kipande ili wote waone, akasema, "Tazameni. Mke wangu kaipaka ndege mafuta ya nywele."

Walicheka, Rukia. Othman, mwenzake wa kurusha ndege, huyu huyu unayemwita Ami Othman, alicheka mpaka akakaa chini. Babako naye akacheka nao, kwa sababu wakinicheka mimi hawatamcheka yeye. Mimi nilitazama miguu yako.

Injini aliitafuta jioni moja, hakuiona, akasema potelea mbali. Baada ya muda mfupi akarudi Maskati. Talaka ilikuja kwa mkono wa kaka yake, ambaye hata kiti hakukaa. Na kule Bububu kwa mama yake ikasemwa kwamba mwanamke mwenyewe hana akili ya kazi.

Watu wazuri waliniambia nimwachie Mungu. Mungu nilimwachia mengine. Hili nililiweka kwangu. Wallahi nilipokuwa nakunyonyesha nilikuwa nampangia. Nilimpangia ageuke kipofu, nikaona hapana, akiwa kipofu hataniona. Nilimpangia afilisike, nikaona atarudi kwetu kula. Mwisho nikajua ninachokitaka. Nilitaka injini yake iruke, nimeifunga mimi, na habari zimfikie.

Nikakufunga mgongoni nikaenda kwenye lile shamba la mihogo. Mwenye shamba alikuwa mama mmoja mkali, Bi Mosi, yuko katika kupalilia. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimepoteza nini.

"Chuma cha mume wangu," nikamwambia.

"Na mume mwenyewe yuko wapi?"

"Kaondoka."

"Basi wewe unatafuta chuma? Mgeni wa ajabu huyu," akasema, na akarudi kwenye palizi yake. Lakini hakunifukuza. Nilikwenda tena na tena, na mihogo ilipofika kuchimbwa nikamwomba nimsaidie. Nilichimba mihogo ya watu kwa siku nyingi, wewe umelala juu ya jamvi mwisho wa tuta, mpaka siku jembe langu lilipolia. Nilipiga magoti nikaifukua kwa vidole. Ilikuwa imejaa udongo mpaka kooni. Bi Mosi akaja akaitazama, akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo tu. Nililala nayo chini ya mto.

Sasa nikwambie kazi, kwa sababu hili ndilo jambo pekee ninalolijua kuliko watu wengi, na nililijua kwa chuki. Nisingemchukia mtu yule nisingejifunza. Usimwamini anayekwambia chuki haizai kitu. Lakini nami nisikudanganye kwamba huzaa bure.

Injini niliiosha kwa mafuta ya taa, Othman akanipatia vipuri na ndege kuukuu isiyo na injini. Ndiyo, Othman. Alipita karakana siku moja, akaiona mezani, akasema, "Bi Mwanakheri, siku ile nilicheka vibaya." Nikamwambia hakuna kucheka vizuri kwa namna ile, lakini kama anataka kunilipa, anifundishe kurusha. Nikakata mbao za mara ya kwanza, kavu, bila tone la mafuta. Tukaiwasha pale pale uani. Ikatetemeka kama mtu mwenye homa, na baada ya kuiwasha mara chache bolti zikalegea. Nikazikaza. Zikalegea tena. Nikafungua nikaona matundu yamekuwa mayai, hayana tena uduara, na ubao chini ya masikio umepondeka. Na mafuta yake, yale yenye nyonyo ndani, ile dawa ya kuendesha tumbo, yalikuwa yamepenya kwenye matundu, ubao umelainika kama mkate uliochovywa chai. Nikafahamu kwamba hata nisipoupaka mafuta mimi, injini itaupaka yenyewe.

Hapo ndipo ulipoingia wewe. Miaka ilikuwa imepita katika majaribio hayo, na ulikuwa umeanza kusoma Kiingereza skuli. Tulikuwa tunakaa barazani, unanisomea kwenye simu maneno ya wazungu wanaotengeneza ndege hizi, unakwama, unaruka neno, unanambia, "Mama, hapa anasema kitu kuhusu tundu." Nikawa najaza mwenyewe palipokosekana. Nikazitia mbao mpya ndefu zaidi, zisiishie kwenye ukuta wa kwanza wa ndege, zipite mpaka ukuta wa pili, ili injini ikivuta ivute ndege nzima, isivute kipande cha pua. Matundu nikayatoboa membamba, nikadondosha mle gundi ya maji tone moja moja, ubao ukainywa ukawa mgumu kama mfupa, ndipo nikayapitishia keekee tena kwa kipimo cha bolti. Kisha nikazipaka mbao zote gundi ile ya tyubu mbili, ndani na nje, mpaka mafuta yasipate mlango.

Bado palibaki pale chini ya masikio, panapopondeka. Panataka kibati kigumu cha kukalia. Nikatazama jikoni. Pana sufuria kubwa aliyotuzawadia mama yake babako siku ya harusi, ina kifuniko kizito. Rukia, nilikikata kifuniko kile kwa msumeno taratibu, na kila msumeno ulipokwenda na kurudi nilisikia raha mpaka kwenye meno. Vibati viwili virefu. Injini ya Seif imekalia kifuniko cha mama yake. Tangu siku hiyo bolti hazijalegea.

Babu yako alikuja akaishika ndege puani akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikulia hata kidogo. Akasema, "Hii hata akifa mwenye nayo itabaki." Nikamwambia mwenye nayo ni mimi.

Yaliyofuata umeyaona kwa macho yako. Siku ya Idd Pili nimesimama kiwanjani na buibui langu, rimoti mkononi, Othman nyuma yangu anasema, "Polepole, Bi Mwanakheri, polepole." Polepole nilimsikia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili niliipeleka mpaka juu ya nyumba ya bibi yako Zuhura, mama yake babako, Bububu, wakati wamekaa uani wageni na visahani. Niliipitisha chini chini, ikiunguruma, mara moja, mbili, nadhani na ya tatu. Ingeanguka ingemuumiza mtu, nami nilijua, na sikujali, na hilo silisifu. Ujumbe ulikuja kabla ya magharibi: "Mwambieni mwanamke yule ndege yake inanidondoshea mafuta kwenye visheti." Nikajibu, "Mwambieni ni nyonyo, itamsafisha tumbo." Mtaa mzima ulicheka. Safari ile walicheka pamoja nami, na nilirudi nyumbani nikalala usingizi ambao sijawahi kuulala.

Lakini mwaka ule ule bibi yako Zuhura alikuletea tende. Alikuja mwenyewe kwa miguu yake inayomuuma, akasimama mlangoni, akakupa kipakacha. Wewe ulichukua moja, ukaitia kinywani, ukamtazama, ukaitema mbele yake. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Hakuna aliyekufundisha kwa maneno. Yeye aliinama akaiokota kwa leso yake. Alipoondoka mimi nilicheka nikakupa peremende. Ladha ya kicheko kile haikukaa. Nimekuwa nikiikumbuka leso ile kuliko visheti. Nilitaka kumkata mtu mmoja, nikakukuta wewe mkononi mwangu umeshanolewa. Ukifika huko, mpigie bibi yako. Sikuombi umpende, mpigie tu.

Halafu miaka ikapita, mpaka mwezi ule ulipofaulu mtihani simu ikalia. Babako. Tangu talaka hakuwahi kunipigia, wala wewe hakuwahi kukutafuta. Othman hana siri, alikuwa amemtumia picha. Nikapokea.

"Nasikia injini yangu inaruka Kidichi," akasema.

"Hata salamu?"

"Assalamu alaykum. Injini yangu iko kwako?"

"Iko. Na mtoto wako pia yuko kwangu."

Kisha akasema, "Naam. Hajambo?"

Hayo ya mwanzo sijakusimulia, kwa sababu papo hapo ulikuja ukakaa mlangoni, ukaona uso wangu, ukajua ni nani, na uso wako wewe ulifunguka kama dirisha. Sikuwa nimeuona uso ule. Nilikupa simu. Mkazungumza. Ulimwambia umefaulu, ulimwambia unataka kusomea ufundi wa ndege za kweli, kubwa, na ulipokuwa unasema hivyo ulinitazama mimi. Na yeye, haki yake simnyimi, alitafuta chuo, akalipa, akaleta tiketi, akasema utakaa nyumbani kwake na mkewe. Halafu mwisho wa maneno, nilimsikia maana spika ilikuwa wazi: "Na uje na injini. Mwambie mamako aifunge vizuri, aipake na mafuta isipate kutu."

Aipake mafuta. Nilingoja ajisikie mwenyewe. Nilingoja acheke, au anyamaze, au akohoe. Wapi. Amesahau, Rukia. Siku ile ya kiwanjani, kanga yangu, kidole chake kinang'aa, kwake ilikuwa siku moja katika siku. Nimeubeba mzigo huu umri wako wote nikidhani ameshika upande wa pili, kumbe nimebeba peke yangu. Hilo ndilo lililonichoma wiki hii nzima kila uliponiuliza. Si kwamba naipenda injini.

Basi jibu lako ni hili. Kesho haondoki nayo mtu. Iko kwenye ndege yake ukutani, imekazwa, na kwenye begi lako hakuna hata nati yake.

Utatoka pale Maskati unasukuma mizigo yako, naye atakuwa amesimama na wenzake wanaongoja watu wao. Nataka umtazame macho. Usimsaidie. Usimkimbilie, usimwite, usicheke kwanza. Tazama macho yake yanatua wapi. Yakitua kwenye begi, au akiuliza injini kabla hajakuuliza kama umechoka, mwambie mama kasema njoo Unguja uichukue mwenyewe, kiwanjani, siku ya Idd, mbele za watu. Nitaifungua pale pale, bolti moja moja, nitamweka mkononi, na hao watu nitawasimulia mimi. Raha ya siku hiyo naijua vizuri, nimeionja kichwani tangu hujaota meno.

Lakini yakitua usoni kwako, mwanangu, yakakaa hapo, akasahau kabisa kuuliza mpaka mkafika nyumbani, basi nipigie simu saa ile ile, hata nikiwa msalani. Spana naiweka mezani kuanzia kesho. Nitaifungua na mbao zake zote mbili na vibati vyake, nitampa Othman ampelekee, na sitatuma neno lolote.

Nimemtakia mtu huyu mabaya kwa miaka mingi na sijachoka. Sasa hivi nimetoka chumbani kwako kukutazama ulivyolala, mkono chini ya shavu, na ninamwomba Mungu wangu anishinde katika hili moja.

Mamako,
Mwanakheri